Kahawa ya Kunywa na Kahawa ya Kutafuna: Ushahidi wa Maneno katika Historia ya Kahawa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya matumizi ya kahawa katika Afrika Mashariki kwa kufuata maneno ambayo lugha za eneo hili huyatumia kuitaja. Yanaonyesha kwamba jamii zetu zilikutana na kahawa kwa njia tatu: kama kinywaji katika mwambao, kama tunda la kutafunwa na la heshima magharibi mwa Ziwa Viktoria, na kama zao la kuuzwa nje katika nyanda za juu. Hoja kuu ni kwamba kauli inayorudiwa mara kwa mara, kuwa wakazi wa eneo hili hawana utamaduni wa kahawa, inatokana na kukifanya kikombe kuwa kipimo pekee cha matumizi.

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikijaza dodoso la matumizi ya vyakula vya kaya katika kijiji kimoja cha magharibi mwa Uganda. Swali mojawapo liliuliza iwapo kuna mtu yeyote katika kaya anayekunywa kahawa. Mzee aliyenipokea alijibu, “Mwanangu, sisi hapa hatunywi kahawa.” Nikaandika “hapana” na kuendelea na swali lililofuata. Mbele yetu palikuwa na kikapu kidogo chenye matunda ya kahawa yaliyokaushwa, ambayo mzee alikuwa amenikaribisha kabla sijafungua daftari. Nilikuwa nikitafuna moja la matunda hayo wakati nikiandika jibu lake.

Mzee alisema kweli, nami niliandika alichosema. Kasoro ilikuwa katika kitenzi cha swali. Dodoso lilikuwa limeandaliwa na watu wanaojua kahawa ya kunywa tu, na kwa sababu hiyo kaya ile, ambayo haikumpokea mgeni bila kahawa, iliingia katika jedwali kama kaya isiyoitumia. Tukio hilo ndilo lililonielekeza kwenye swali la makala haya: maneno tunayoyatumia kuitaja kahawa yanatuambia nini kuhusu historia ya matumizi yake, na yanatuficha nini?

2.0 Mwambao: kahawa kama kinywaji

Kiswahili kina mashina mawili ya kigeni katika uwanja huu, na yote mawili yametoka katika Kiarabu. La kwanza ni lile la buni, yaani punje au tunda, ambalo limezaa mbuni, jina la mti. La pili ni kahawa, ambalo asili yake ni jina la kinywaji. Katika matumizi ya leo shina la pili limelimeza la kwanza. Tunasema mkulima wa kahawa, mche wa kahawa na bei ya kahawa, na kijana wa shule akisikia neno mbuni humfikiria ndege. Jina la kinywaji limekuwa jina la mti, la zao na la biashara nzima. Hata rangi tunaiita kahawia, na rangi hiyo ni ya punje iliyokwisha kukaangwa. Mwenye kuijua kahawa shambani angeweza kuihusisha na ua jeupe, au na tunda linaloanza kijani na kuiva likiwa jekundu. Aliyelitoa jina hilo la rangi aliijua kutoka jikoni.

Ushahidi huu unaafikiana na historia ya biashara. Unywaji wa kahawa ulistawi Yemen katika karne ya 15 miongoni mwa Masufi, walioitumia kukesha katika dhikiri. Kinywaji hicho kilienea haraka kiasi kwamba mwaka 1511 kilipigwa marufuku kwa muda mjini Makka, kwa kuhofiwa mikusanyiko ya wanywaji wake. Mwambao wa Waswahili, uliofungamana na Hadhramauti, Yemen na Omani kwa pepo za msimu, uliipokea kahawa ikiwa tayari na vyombo, adabu na msamiati wake. Dele, birika refu la shaba lenye mdomo uliochongoka, na finjani, kikombe kidogo kisicho na mkono, vyote vina majina yenye asili hiyohiyo.

Namna ya kuiandaa haijabadilika sana. Buni hukaangwa hadi zikaiva vizuri, hutwangwa kwenye kinu, kisha unga wake huchemshwa kwa muda mrefu, mara nyingi pamoja na tangawizi au iliki. Watu wa mwambao husema wanapika kahawa, na kitenzi hicho kinastahili kuzingatiwa, kwani kinaiweka kahawa pamoja na vyakula. Hunywewa bila sukari wala maziwa, ndiyo maana ikaitwa kahawa chungu, na utamu hutafutwa pembeni: kashata, halua au tende. Muuzaji hutembea na dele lililowekwa juu ya jiko la makaa, akigonganisha vikombe ili sauti yake imtangulie mitaani. Katika baraza za Lamu, Mombasa na Unguja, kahawa ya jioni ndiyo inayokusanya habari za siasa, misiba, bei za samaki na matokeo ya mpira. Mtu hulipia kikombe, lakini anachokifuata ni kikao. Hofu ya wakubwa wa Makka mwaka 1511 inaeleweka vema zaidi mtu akiketi jioni moja katika Jaws Corner, Mji Mkongwe.

3.0 Magharibi mwa Ziwa: kahawa kama tunda

Tukielekea bara, msamiati unabadilika. Waganda huliita tunda la kahawa emmwanyi, na lugha jirani zina maumbo ya shina hilohilo, kama vile amwani la Kihaya. Neno hili halikukopwa kutoka mwambao. Linahusu kahawa aina ya robusta, ambayo asili yake ni misitu ya Afrika ya kati na magharibi pamoja na ukanda wa maziwa, ilhali arabika, iliyopitia Yemen, asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia.

Jamii hizi hazikuipika kahawa ili kunywa maji yake. Matunda yalichumwa yakiwa bado mabichi, yakachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakaanikwa juani hadi kukauka, kisha yakahifadhiwa. Yalitafunwa safarini kuondoa uchovu, na nyumbani yaliwekwa mbele ya mgeni kabla ya mazungumzo kuanza. Tunda moja kwa kawaida huwa na punje mbili zilizolaliana ndani ya ganda moja, na umbo hilo lilipewa maana. Katika omukago, yaani udugu wa kuchanjiana wa Buganda, uliosimuliwa na John Roscoe katika kitabu chake cha mwaka 1911, marafiki wawili walipaka kahawa damu yao, na kila mmoja akala ile ya mwenzake. Kuanzia hapo walikuwa ndugu, wenye wajibu wa kulindana wao na watoto wao.

Tamaduni hizi mbili zilikutana kabla ya ukoloni. Richard Burton, aliyekaa Kazeh, karibu na Tabora ya leo, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 kuhusu kahawa ya Karagwe, akieleza kwamba wenyeji hawakuinywa bali waliitafuna. Burton mwenyewe hakufika Karagwe. Habari hizo alizipata kwa wafanyabiashara Waarabu waliokuwa wakipita njia hiyo. Kwa hiyo maelezo yake yanabeba mshangao wa mnywaji aliyemwona mtafunaji, na mshangao huo ndio uliogeuka baadaye kuwa kipimo.

Luganda imehifadhi makutano hayo kwa namna inayoonekana wazi. Emmwanyi limebaki kuwa jina la tunda, la mazao shambani na la kile kinachotafunwa. Kinywaji kinaitwa kaawa, ambalo ni kahawa ya Kiswahili iliyodondosha h. Mkulima huvuna emmwanyi na mtu wa mjini hunywa kaawa, na msemaji wa Luganda hahitaji kuona kwamba ni kitu kimoja. Jibu la mzee wangu lilitoka katika mantiki ya namna hii.

4.0 Nyanda za juu: zao lisilo na kikombe

Njia ya tatu ni ya ukoloni. Wamisionari Wakatoliki waliotoka Ufaransa walipanda arabika Bura, katika nchi ya Wataita, mwaka 1893, na mwanzoni mwa karne ya 20 wamisionari walikuwa wameipanda Mibirizi, kusini-magharibi mwa Rwanda. Yaliyofuata yalitofautiana kutoka nchi moja hadi nyingine. Nchini Kenya, Waafrika walizuiwa kulima kahawa hadi miaka ya 1930, pale leseni chache zilipotolewa Kisii, Meru na Embu, na ruhusa pana ilikuja baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Kilimanjaro, kinyume chake, wakulima Wachaga walikuwa na chama chao kufikia mwaka 1925, kilichofuatwa na chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933. Nchini Rwanda na Burundi, utawala wa Ubelgiji uliwalazimisha wakulima kupanda mikahawa katika miaka ya 1930. Pamoja na tofauti hizo, utaratibu wa mwisho ulikuwa mmoja: kahawa iliondoka shambani ikiwa punje ghafi, ikapimwa na kupangwa daraja, ikanadiwa na kusafirishwa. Mkulima alijua daraja la kahawa yake bila kujua ladha yake.

Hapa pia lugha inashuhudia. Katika Kinyarwanda na Kirundi, neno ni ikawa, kwa mti, kwa zao na kwa kinywaji. Ni neno moja la mkopo, lililofika pamoja na kitu chenyewe. Si haki, hata hivyo, kusema kwamba Mnyarwanda au Mrundi hakutaka kuinywa. Hakuna aliyempa nafasi ya kuchagua: alipewa mche, akapewa na amri, na soko likachukua kilichobaki.

5.0 Nyumba ya kahawa, kinywaji cha chai

Kiswahili kina ushahidi mwingine unaostahili kupimwa. Nyumba ya kuuzia chakula huitwa mkahawa nchini Kenya na mgahawa nchini Tanzania, na jina hilo limetokana na kahawa. Lakini anayeingia humo asubuhi huagiza chai. Kunywa chai kumekuwa na maana ya kufungua kinywa, hata kama kilichomo kikombeni ni uji au kahawa yenyewe. Chai imetanuka kimaana hadi ikawa jina la takrima na la hongo. Kahawa imebaki juu ya mlango, na chai imekaa mezani.

Mabadiliko haya yana sababu za kiuchumi. Chai iliuzwa ndani kwa vifurushi vidogo, ikachemshwa na maziwa na sukari, ikatosha nyumba nzima. Kahawa ya daraja la juu ilitafutiwa wanunuzi wa ng'ambo, na katika nyumba nyingi ilirudi kama kahawa ya unga inayoyeyuka katika maji moto, mfano wake ukiwa ile inayotengenezwa na kiwanda cha Tanica mjini Bukoba. Inashangaza kwamba mji huohuo, ambako kahawa ya kutafuna bado huuzwa kwa wasafiri, ndio wenye kiwanda cha kahawa ya kukoroga. Mambo hayo mawili yako jirani, ila ni moja tu kati yake linalohesabiwa kuwa unywaji wa kahawa, na la pili halina safu katika jedwali.

Ulinganisho na Ethiopia unasaidia. Kiamhari kina neno moja, buna, kwa mti, punje na kinywaji, na neno hilo lina kina cha karne nyingi. Kahawa hukaangwa mbele ya wageni, huchemshwa katika chungu kiitwacho jebena, na hutolewa kwa awamu tatu: abol, tona na bereka, hii ya mwisho ikiwa ni baraka tunayoifahamu katika Kiswahili. Ethiopia hunywa takribani nusu ya kahawa inayoizalisha. Huko mauzo ya nje yamejengwa juu ya desturi ambayo haikuvunjwa. Kwetu, desturi zilizokuwapo ziliachwa pembeni, kisha pengo likaitwa ukosefu wa utamaduni.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Serikali za eneo hili zinataka wananchi wao watumie zaidi kahawa wanayoilima, na nia hiyo ni njema: mkulima anayetegemea mnunuzi wa mbali huyumba kila bei ya dunia inapoyumba, kama ilivyotokea baada ya mfumo wa mgawo wa mauzo wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa kuvunjika mwaka 1989. Lakini kampeni nyingi zinaanza na mashine za gharama na vikombe vya hoteli, kana kwamba zinamfundisha mtu asiyejua lolote. Makala haya yanatoa mapendekezo matatu.

Kwanza, madodoso ya kaya yaulize juu ya kutumia kahawa, kisha yatenganishe kunywa na kutafuna, kwa maneno ya lugha ya eneo husika. Pili, kamusi za Kiswahili na istilahi za kilimo zihifadhi buni, mbuni, dele na finjani, na zipokee msamiati wa kahawa ya kutafuna kutoka lugha za ukanda wa maziwa kabla wazee wanaoujua hawajaondoka nao. Tatu, wahamasishaji waanzie kwenye vikao vilivyopo: baraza, kikapu cha mgeni, stendi ya basi.

Nilirudi kwa mzee yule baada ya kuliandika upya swali langu. Safari hii nilimuuliza kahawa inatumika vipi katika nyumba yake. Alinieleza kwa karibu saa nzima, na kikapu kilikuwa palepale.