Majina ya Rangi na Ukurasa Unaosomeka

Katika kazi ya kufasiri na kusanifu kurasa za tovuti, maneno ya rangi hujitokeza mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Mtumiaji huambiwa abonyeze kitufe chenye rangi fulani, au ajaze nafasi zilizotiwa alama ya rangi fulani. Katika makala haya twapenda kutazama majina hayo yalivyopatikana katika Kiswahili, na jinsi historia yake inavyoweza kumwongoza mwenye kuchagua rangi za ukurasa utakaosomwa na watu wote.

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya asili vya rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Hivi ndivyo vinavyopokea viambishi vya ngeli, nasi husema kitufe cheupe, mlango mweusi, udongo mwekundu. Jambo hili si la Kiswahili peke yake. Mwaka 1969 wataalamu wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walieleza kwamba lugha yenye majina mawili tu ya msingi ya rangi huyagawa baina ya weupe na weusi, na ikiongeza la tatu, hilo huwa la wekundu. Maelezo yao yamejadiliwa na kusahihishwa tangu wakati huo, lakini mpangilio wa vivumishi vyetu unaafikiana nayo.

Majina mengine yote yametokana na vitu au yamekopwa, nayo hushikizwa kwa kiunganishi -a: kitufe cha kijani, cha manjano, cha kijivu. Kijani ni jani. Manjano ni kiungo cha mchuzi. Kijivu ni jivu. Zambarau ni tunda. Samawati imetoka katika neno la Kiarabu la mbingu. Buluu imekuja na Waingereza. Majina ya namna hii ni mazuri, ila humtaka msikilizaji awe na kitu kile kile akilini. Chukua kahawia. Mkazi wa Rhotia, katika Wilaya ya Karatu, anaishi karibu na mashamba ya kahawa ya Karatu na Oldeani. Kahawa aijuayo mtini ni ya kijani ikiwa changa na nyekundu ikiiva. Rangi ya kahawia huonekana baada ya kukaangwa. Vivyo hivyo jani la mwezi wa Septemba si jani la Aprili, na ndiyo sababu watu waliona haja ya kusema kijani kibichi. Tukumbuke pia kwamba wakazi wengi wa huko ni Wairaqw, ambao lugha yao ya kwanza ni ya Kikushi. Kwa hiyo jina la rangi peke yake ni kiongozi dhaifu.

Bendera ya Taifa, iliyoanza kutumika mwaka 1964, inatoa fundisho la pili. Rangi zake ni kijani, manjano, nyeusi na buluu. Nyeusi haikugusanishwa na kijani wala buluu. Imetengwa nazo kwa mistari myembamba ya manjano. Maana ya manjano ni madini ya nchi, lakini kwa jicho kazi yake ni nyingine: bila ya mistari hiyo, bendera iliyo mbali ingeonekana kama giza moja lisilo na mipaka.

Kazi hiyo ya jicho sasa hupimwa kwa tarakimu. Shirika la kimataifa linaloweka kanuni za tovuti, W3C, lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa ufikikaji mwaka 1999 na wa pili mwaka 2008. Mwongozo wa pili unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma yake kwa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe hufikia 21 kwa 1. Manjano safi juu ya nyeusi hupata zaidi ya 19, lakini manjano hiyo hiyo juu ya nyeupe haizidi 1.1. Rangi haikubadilika, kilichobadilika ni jirani yake.

Mwongozo huo unakataza pia kutoa habari kwa rangi tupu. John Dalton wa Uingereza alieleza mwaka 1794 kwamba macho yake hayakuona rangi kama ya wenzake. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, karibu 8 katika kila 100 hupata shida ya namna hiyo, hasa kutenga nyekundu na kijani. Na watu wa hali hiyo wapo katika kila taifa. Kuwaambia "jaza nafasi nyekundu" ni kuwafungia mlango. Hata mwenye macho mazima, akisimama juani kando ya barabara ya Rhotia na simu mkononi, hataona maandishi ya kijivu hafifu juu ya weupe.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, mfasiri asiache kitufe kitambulike kwa rangi tu, akipe jina: "kitufe chekundu chenye neno Futa." Pili, istilahi zitenganishe mambo matatu yanayochanganywa: aina ya rangi, ukolezi wake, na mwangaza wake. Wananchi tayari husema rangi imekolea au imepauka, nasi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta. Tatu, kipimo cha usomekaji kiitwe tofauti ya mwangaza, wala si tofauti ya rangi, kwani nyekundu na kijani zaweza kuwa rangi mbili na mwangaza karibu mmoja.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeifanya habari kuwa haki yao. Ofisi inayotangaza ruzuku ya mbegu au tarehe ya mtihani kwa maandishi yasiyoonekana haijatangaza. Weupe na weusi, vivumishi viwili vya asili ya lugha yetu, vingali kipimo cha kwanza cha kutumia kabla ya ukurasa kutolewa.