Msimu wa Michezo ya Kuigiza: Funzo la Zamani kwa Mkoa wa Songwe

Kikundi cha michezo ya kuigiza kinapotangaza msimu wake, huweka ahadi. Huwaambia watu kwamba mwezi huu utachezwa mchezo fulani, na mwezi ujao mwingine. Kwamba wachezaji watakuwa wale wale, na siku iliyotajwa haitavunjwa. Mtazamaji naye hutenga nafasi na fedha zake kwa kuiamini ahadi hiyo. Historia ya sanaa hii katika Afrika ya Mashariki yaonyesha kwamba vipaji tulikuwa navyo na michezo iliandikwa, lakini ahadi ya msimu mara nyingi haikudumu. Jambo hili lafaa lifikiriwe na kila apendaye kuona msimu wa namna hiyo katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na ambao mji wake mkubwa, Tunduma, umekaa mpakani mwa Tanzania na Zambia.

Desturi ya kutangaza msimu ilikuja na Wazungu wa zamani za ukoloni. Dar es Salaam chama chao cha wachezaji kilianza mwaka 1947, na Arusha mwaka 1953. Nairobi, Donovan Maule alikuwa na kikundi cha wachezaji wa kulipwa. Michezo yao ilikuwa ya Kiingereza, na wenyeji wa nchi hawakuhesabiwa katika watazamaji wake. Hata hivyo haki haina budi kusemwa: watu hao walitegemea wanachama na viingilio vyao, wala hawakungoja sherehe ya serikali ndipo wacheze.

Waafrika nao hawakukaa kimya. Katika shule ya Alliance, nchini Kenya, Henry Kuria alitunga mchezo wa Kiswahili, Nakupenda, Lakini, ambao wanafunzi waliucheza katika miaka ya 1950. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walianza safari za kuigiza katika miji na vijiji vya Uganda na Kenya, bila kutoza kiingilio, na kwa lugha zaidi ya moja. Walithibitisha kwamba jukwaa laweza kuwa popote watu wawezapo kukusanyika.

Tanzania ilianza mafunzo ya sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1967. Miaka miwili baadaye Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile, mchezo uhusuo Vita vya Maji Maji. Mwaka 1974 kikaundwa kikundi cha taifa cha michezo ya kuigiza. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikundi hicho kilikuwa kimekwisha kuvunjwa, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikashika kazi ya kufundisha. Kilichoishi kwa amri ya serikali kilikoma kwa amri hiyo hiyo. Mtegemea cha nduguye, wahenga walisema, hufa maskini.

Njia nyingine ilijaribiwa katika kijiji cha Malya, Mkoa wa Mwanza, mwaka 1982 na 1983. Walimu wa Chuo Kikuu walikwenda huko, na wanakijiji wakachagua wenyewe shida iliyowasumbua, ya wasichana kupata mimba wangali wadogo. Wakaiigiza, kisha wakaijadili. Mtazamaji alipoona maisha yake mwenyewe yamewekwa mbele yake, alikuwa na neno la kusema.

Tukirudi Songwe, twakuta jambo la kusikitisha. Kwa miaka mingi shule zetu za sekondari zimefundisha michezo kama Ngoswe wa Edwin Semzaba, Kilio Chetu na Orodha. Mwanafunzi huhesabu dhamira na kutaja wahusika, akajibu mtihani, akafunga kitabu asisikie hata neno moja likitamkwa na mchezaji. Kilio Chetu na Orodha zahusu UKIMWI, maradhi yaliyoziumiza sana jamii za kando ya barabara kuu. Na Tunduma ni mahali ambapo madereva wa malori husimama wakingoja kuvuka. Maneno yaliyoandikwa ili kuokoa vijana yakibaki kuwa majibu ya mtihani, hasara ni ya vijana hao.

Basi msimu wa Songwe waweza kufuata kalenda ya wenyeji: miezi ya kiangazi, baada ya mavuno, mkulima wa kahawa wa Mbozi awapo na senti mkononi na barabara za vijijini zikipitika. Wachezaji wale wale washike michezo mitatu, wakiizungusha Tunduma, Vwawa, Itumba, Mkwajuni na Chitete. Kisha waongeze wa nne utokao katika maisha ya mpakani, utakaowahusu wachuuzi, mawakala wa forodha na familia zenye ndugu upande wa Nakonde. Kiingilio kiwe kidogo, lakini kiwepo, ili kikundi kiwe na mguu wake wa kusimamia.

Msimu wa kwanza waweza kufaulu kwa ugeni wake tu. Kipimo cha kweli ni mwaka wa pili: kama wachezaji watarudi Itumba mwezi ule waliousema, na kama watu wa Itumba watakuwa wamewawekea nafasi.