Tano mbili za juma

Mtoto mmoja Makambako aliniuliza kwa nini Jumatatu si siku ya tatu. Shuleni Jumatatu ni siku ya kwanza. Kanisani, kwa Walutheri na Wakatoliki waliojaa Njombe, wiki huanza Jumapili. Mtoto hakukosea, ni hesabu tu inayoanzia kwingine.

Inaanza pale Ijumaa inapokwisha. Neno hilo latokana na Kiarabu, siku ya kukusanyika kwa sala. Kesho yake ni juma la mosi, kisha la pili, hadi la tano. Pwani ilihesabu hivyo, nasi wa nyanda za juu, wenye baridi na viazi, tukaipokea bila kubadili hata silabi. Mkristo wa Njombe anapotamka Jumapili anahesabu kutoka sala ya Waislamu. Napenda sana jambo hilo.

Ajabu zaidi ni Alhamisi. Nayo maana yake ni ya tano, ila Waarabu huhesabu kuanzia Jumapili. Basi juma letu lina tano mbili zinazofuatana: moja kwa Kibantu, moja kwa Kiarabu.

Kumbukumbu za taifa, kama Saba Saba, tunazitaja kwa tarehe, na jina la siku linasahaulika. Lakini mbili kati yake ziliangukia hizo tano mbili. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, siku ya Jumatano. Mwalimu Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, siku ya Alhamisi.