Hadithi ni Watu: Kazi ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe



Wengi kati yenu mnapenda kuandika. Walimu wana madaftari ya hadithi ndani ya masanduku yao, na vijana wa shule vivyo hivyo. Tukiyafungua madaftari hayo, mara nyingi tunakuta jambo moja: matukio ni mengi, lakini watu hawapo. Kuna safari, kuna vita, kuna mchawi, kuna ndoa. Lakini tukiuliza, "Huyu bwana arusi ni mtu wa namna gani? Anatafuta nini? Anaogopa nini?", hatupati jibu. Jina lipo, mtu hayupo. Basi leo tutaeleza habari za mwandikaji mmoja aliyeijua kazi hii vizuri, tupate kujifunza kwake.

Tuanze mbali kidogo. Wazee wetu walitusimulia ngano usiku, karibu na moto. Katika ngano mtu habadiliki. Kalulu ni mwerevu tangu mwanzo mpaka mwisho. Fisi ni mlafi leo na kesho. Hilo si kosa. Ngano ni fupi, nasi tunaposikiliza tunataka kujua hila itafaulu namna gani. Tena msimulizi ana sauti, ana macho, ana mikono. Kwa hivyo vyote huonyesha hasira ya huyu na woga wa yule. Lakini karatasi haina sauti wala macho. Mwenye kuandika lazima atafute njia nyingine ya kumfanya mtu aonekane.

Waandikaji wa kwanza wa hadithi za Kiswahili walibaki karibu na ngano. Tumtazame Shaaban Robert wa Tanganyika, aliyezaliwa 1909 na kufa 1962, bingwa ambaye watu wote wanamheshimu. Katika kitabu chake Adili na Nduguze, kilichotoka 1952, ndugu mwema anaitwa Adili, na ndugu zake wabaya wanaitwa Hasidi na Mwivu. Kiswahili chake ni kitamu, na mafundisho yake ni ya kweli. Lakini angalieni: jina limekwisha kumhukumu mtu kabla hajafanya neno. Hasidi hawezi kutushangaza. Tunajua tangu siku ya kwanza atakayoyatenda.

Kumbe, kabla kitabu hicho hakijatoka, mtu mwingine alikuwa amekwisha kushika njia nyingine, katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya ziwa Victoria. Jina lake Aniceti Kitereza. Alizaliwa 1896, katika jamaa ya wakama waliotawala kisiwa kile. Alisomeshwa na Mapadri Weupe, shirika lile lile lililofungua misioni na shule nyingi upande wa mashariki wa Kongo. Walimpeleka katika seminari ya Rubya, karibu na Bukoba, na huko alijifunza Kilatini na elimu nyingine nyingi. Hakuwa padri. Alirudi katika maisha ya watu wote, akaoa mke, Anna Katura, na baadaye akafanya kazi katika misioni ya Kagunguli, kwao Ukerewe. Watoto waliowazaa walikufa wangali wadogo. Bwana huyo na mkewe walizeeka pamoja bila mtoto.

Kitereza aliona ya kuwa desturi za mababu zinasahauliwa, na lugha ya Kikerewe inaanza kupoteza maneno yake. Padri mmoja wa Kanada, Almas Simard, alimtia moyo aandike. Basi akaandika kwa Kikerewe hadithi ndefu sana, akaimaliza 1945. Ni habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali, katika siku za kale, Wazungu wasipokuwa wamefika bado.

Sasa tusimame hapa, maana hapa ndipo penye fundisho. Mtu mwingine, akitaka kuhifadhi desturi, angaliandika orodha: sura ya kwanza, namna ya kujenga nyumba, sura ya pili, namna ya kupika pombe, sura ya tatu, namna ya kuzika. Kitabu cha namna hiyo kina faida yake, wataalamu wanakitafuta. Lakini nani atakisoma usiku mpaka taa ikazimika? Kitereza hakufanya hivyo. Alitafuta kwanza watu wawili, mume na mke, akawapa shida moja: wanapendana, na hawana mtoto.

Shida hiyo ndiyo inayovuta kila kitu. Jamaa ya Myombekere wanamtukana mke kwa ajili ya utasa, na wanamshurutisha mume aoe mwingine. Baba yake Bugonoka anasikia matusi hayo, anamchukua binti yake na kumrudisha nyumbani. Myombekere anabaki peke yake, naye hataki mke mwingine. Anakwenda kwa wakwe kusihi. Wakwe wanamtoza pombe ya ndizi. Basi lazima atafute ndizi, atafute vyombo, atafute watu wa kumsaidia. Nasi tunaosoma tunajifunza kazi yote ya kupika pombe ile, hatua kwa hatua, wala hatuchoki. Kwa sababu gani? Kwa sababu tunajua ya kuwa pombe ikiharibika, mke harudi.

Mmeona, ndugu zangu? Desturi ikiandikwa peke yake ni somo. Desturi ile ile, ikiwa mkononi mwa mtu mwenye shida, imekuwa hadithi.

Tutazame jambo la pili. Katika mambo haya nani ndiye mbaya? Baba mkwe anamchukua binti yake kwa sababu anampenda, hawezi kuvumilia atukanwe. Jamaa ya mume wanataka ukoo usikatike. Maneno yao ni makali, lakini hofu yao kila mmoja wetu anaifahamu. Mume anamtaka mkewe. Kila mmoja ana neno la kujitetea, na kwa sababu hiyo taabu ni kubwa. Mwandikaji hakumwita yeyote Hasidi. Aliwaacha waseme na kutenda, nasi tunawapima wenyewe, kama tunavyowapima jirani zetu.

Jambo la tatu: Kitereza hatuambii kwa maneno makubwa ya kuwa Myombekere ana upendo na saburi. Anatuonyesha miguu yake njiani kwenda kwa wakwe, na namna anavyoamkia wakubwa, na namna anavyojibu akiulizwa neno zito. Maamkio yenyewe na mazungumzo marefu yamejaa kitabuni. Wengine wataona ni mengi mno. Lakini kwetu sisi, mtu hujulikana kwa maamkio yake. Mwenye hasira huamkia kwa namna yake, na mwenye haya kwa namna yake.

Mwisho Bugonoka anapata mimba, na watoto wawili wanazaliwa, mvulana na msichana. Majina yao yenyewe yanakumbusha msiba, kama wazee walivyozoea kumwita mtoto anayezaliwa baada ya vifo. Tukikumbuka nyumba ya Kitereza mwenyewe na Anna wake, tunafahamu ya kuwa hakuazima huzuni ile kwa mtu mwingine. Wala hakujiandika yeye mwenyewe. Aliichukua shida aliyoijua, akawapa watu wengine, wa zamani nyingine, na kuwaacha waishi maisha yao.

Kitabu hicho kilipata taabu. Wasomaji wa Kikerewe ni wachache, na hapakupatikana mtu wa kukipiga chapa. Mzee akavumilia, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kikatoka Dar es Salaam katika 1980, vitabu viwili, miaka 35 baada ya kumalizika kuandikwa. Kitereza akafa 1981. Baadaye kikatafsiriwa kwa Kidachi, na katika 2002 kwa Kiingereza. Mwenye kukitia katika Kiingereza ni Gabriel Ruhumbika, mwana wa Ukerewe naye.

Kisiwa hicho kilizaa mwandikaji mwingine pia, Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa 1944 na kufa 2020, mwanafunzi wa seminari vile vile. Katika 1971 alitoa Rosa Mistika, habari za msichana aliyelelewa kwa ukali mno na baba mlevi, akapotea alipoachwa huru. Watu wengi walichukizwa na kitabu kile. Lakini hakuna aliyesema ya kuwa Rosa hakuwa mtu.

Basi, ninyi mnaoandika, shikeni maneno haya machache. Kabla ya kuandika mstari wa kwanza, mjue mtu wenu anataka nini kwa moyo wake wote, na ni nani au nini kinachomzuia. Msimtume kufanya jambo kwa sababu ninyi mnalihitaji. Afanye kwa sababu yeye hawezi kuacha. Mpeni na mpinzani wake sababu ya haki. Mkitaka kufundisha, mafundisho yapite katika matendo. Mtoto wa shule hutambua upesi hadithi ambayo ndani yake mwalimu amejificha nyuma ya mlango.

Tena msingoje vita kubwa wala safari ya mbali. Katika kila kijiji chetu, toka Uvira mpaka Kolwezi, yuko mtu anayemngoja mke arudi, au mtoto azaliwe, au ndugu asamehe. Wazee wanaojua habari hizo wanazeeka. Kitereza alikuwa na meza, karatasi na lugha ya watu wachache, akaweza. Nanyi kaeni mezani.