Mgongo Uliovunjika na Safari ya Kusini

Katika pwani yetu ya kusini, tangu Mikindani hadi Msimbati na mlango wa mto Ruvuma, ambako mnazi ni mali na ukwezi ni kazi ya kurithiana, kuanguka kwa mkwezi ni msiba ujulikanao tangu kale. Na waganga wa kuunga mifupa, ambao ustadi wao haufai kudharauliwa, waliufunga mguu kwa mabanzi ukapona, lakini zilipovunjika pingili za uti wa mgongo hawakuwa na hila ila kumlaza majeruhi na kumwombea kwa Mola.

Mwaka 1935 alifika Lulindi, wilaya ya Masasi, tabibu Mwingereza Leader Stirling, aliyekuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Wakati huo, mbali na Lulindi, elimu ya kuunganisha pingili ilikwisha kuzaliwa New York, kwa matabibu Hibbs na Albee, mwaka 1911. Na mwaka 1963 Roy-Camille, tabibu Mfaransa, akaanza kuzishikamanisha kwa parafujo.

Parafujo hiyo hupenya njia ya mfupa yenye upana wa milimita chache, na mishipa ya fahamu i kando yake. Ikipotoka kidogo, miguu yaweza kupooza. Ndiyo sababu ya kubuniwa mitambo ya kuongoza mkono: picha ya mgongo hutiwa katika kompyuta, kamera hufuata alama zilizofungwa juu ya mfupa na juu ya chombo, na tabibu huiona katika kioo ncha ya chombo ilipo ndani ya mwili, mfano wa rubani aingizaye meli katika mlango mwembamba wa bandari ya Mtwara. Mwaka 2004 Marekani iliruhusu roboti ishike mwelekeo, binadamu akitoboa.

Bingwa wa uongozaji huo, Roger Härtl wa New York, ndiye aliyeshirikiana kwa miaka mingi na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya 1996, katika kuwafunza matabibu wetu. Elimu imefika Dar es Salaam. Lakini zamani majeruhi wa Msimbati alifikaje huko? Kabla ya daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji kufunguliwa mwaka 2003 alitikiswa katika barabara ya tope, kisha akangoja kivuko cha mto huo, na kila mtikisiko uliweza kuzikata nyuzi za fahamu zilizonusurika.

Leo ipo lami, na tangu 2021 ipo hospitali ya kanda pale Mitengo, Mtwara. Kwa rai yangu, kabla ya roboti, kila kijiji cha wakwezi kipate ubao wa kumlazia majeruhi na watu waliofunzwa kumnyanyua pamoja, kwa amri moja, shingo isigeuke.