Dar hadi Unguja: kilomita 73 zisizopungua dakika

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi ule wa Abeid Amani Karume, Unguja, ni kilomita zipatazo 73, na rubani hufuata kaskazini karibu moja kwa moja. Safari huchukua kama dakika 20. Ajabu yake ni kwamba dakika hizo hazijapungua sana tangu enzi za ndege za mbao na kitambaa.

Mwaka 1929, Florence Kerr Wilson, mjane aliyeishi Kenya, alianzisha kampuni ya Wilson Airways mjini Nairobi. Njia kuu ya Imperial Airways kutoka London hadi Cape Town, iliyokamilika 1932, ilipita bara kupitia Nairobi, Dodoma na Mbeya, ikaiacha pwani kando. Ndege ndogo za Wilson ndizo zilizoziba pengo, zikibeba barua na abiria wachache kati ya Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Vita vya 1939 vikaimaliza kampuni hiyo, ingawa jina la mama huyo lingali kwenye Uwanja wa Wilson, Nairobi.

Mwaka 1946 likaanza Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, nalo likaanza na Dragon Rapide: injini mbili, mabawa mawili juu na chini, mwendo wa kilomita 210 hivi kwa saa. Piga hesabu: kilomita 73 kwa mwendo huo ni dakika 21.

Sasa chukua ATR 72 ya leo, yenye uwezo wa kilomita 500 kwa saa. Kwenye karatasi ingefika kabla ya dakika tisa. Haifiki, kwa sababu mwendo huo ni wa ndege iliyokwisha kutulia angani, na hapa hakuna nafasi ya kutulia. Ikimaliza kupanda, inaanza kushuka. Kisha hupunguza mwendo, hungoja zamu kwa waongoza ndege, na upepo ukiwa umegeuka hulazimika kuzunguka ili itue upande wa pili. Ndiyo maana Cessna Caravan yenye injini moja, isiyopanda juu sana, haiachwi mbali na ndege kubwa. Abiria wake, tena, hupata kuvitazama visiwa vya Mbudya na Chumbe kwa nafasi.

Shirika la Afrika Mashariki lilivunjika 1977, Air Tanzania ikazaliwa mwaka huo huo, na miaka ya 1990 kampuni binafsi kama Precision Air na ZanAir zikaingia kwenye njia hiyo. Safari zikaongezeka, dakika zikabaki.

Mshindani halisi amekuwa boti ya kasi. Inatumia takriban saa mbili, lakini inaondoka katikati ya jiji na kushusha watu Mji Mkongwe. Anayepanda ndege ana kilomita kama 12 za barabara kutoka Posta, foleni, ukaguzi na kusubiri mzigo. Kwa hiyo nasema bila kusita: Daraja la Mfugale pale TAZARA, kwenye barabara hiyo ya uwanja wa ndege, lililofunguliwa 2018, limemwokolea msafiri wa Unguja muda mwingi kuliko injini yoyote mpya iliyowekwa kwenye njia hii.