Nani Amefungua Gunia?

Hebu tuanzie Uswisi, katika jimbo la Zug. Kwa miaka mingi kampuni ya Crypto AG iliuza mitambo ya kufumba mawasiliano kwa nchi zaidi ya 120. Wanunuzi walikuwa majeshi na balozi, watu ambao kazi yao ni kushuku. Lakini waliliamini jina la Uswisi, nchi isiyofungamana na upande wowote. Kumbe tangu 1970 wenye kampuni walikuwa majasusi: CIA ya Marekani na BND ya Ujerumani Magharibi. Mitambo mingi ilikuwa imelegezwa makusudi, na siri zikasomwa. Mambo yalianikwa hadharani Februari 2020. Serikali nzima nzima zilikuwa zimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Phil Zimmermann, Mmarekani, alichukua njia nyingine. Mwaka 1991 alitoa PGP, programu ya kufumba barua pepe, pamoja na msimbo wake ili anayetaka ausome. Mwaka 1995 akatoa PGPfone, ya kupiga simu kwa kompyuta. Baadaye akaja na ZRTP, utaratibu ambao wanaozungumza husomeana herufi au maneno machache kutoka kwenye skrini. Yakilingana, hakuna aliyejipenyeza katikati yao.

Sasa hapa ndipo wengi wetu hujikwaa. Tukisikia programu ni huria, tunalala fofofo. Juni 2013 mtafiti Mark Dowd alitangaza dosari alizozikuta katika ZRTPCPP, msimbo huria uliotumiwa na programu kadhaa za simu za siri. Mojawapo ilikuwa ya Silent Circle, kampuni ambayo Zimmermann mwenyewe alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Msimbo ulikuwa wazi kwa dunia nzima, lakini mlango kuwa wazi si sawa na mtu kuingia akakagua. Hata hivyo, uwazi ndio uliompa Dowd nafasi ya kuingia. Wateja wa Crypto AG hawakuwahi kupata nafasi hiyo.

Kisha kuna mtihani wa mahakama. Mwaka 2016 Signal, iliyotokana na programu ya simu ya RedPhone ya 2010, ilipokea amri kutoka Virginia itoe habari za mtumiaji. Ilichoweza kutoa ni wakati akaunti ilipofunguliwa na mara ya mwisho ilipounganishwa na seva. Zaidi ya hapo haikuwa na kitu.

Basi rafiki akikwambia, "Pakua hii, ni salama," usiishie kumwuliza kama ni huria. Muulize nani wa nje ameikagua, na lini. Alipata nini, na kilirekebishwa? Programu iliyo kwenye simu yako ndiyo kweli iliyotokana na msimbo ule? Kampuni ikibanwa na mahakama, ina nini cha kutoa? Tangazo lao halitakujibu hayo. Mwamba ngoma huvutia kwake.